Kikwembe Kipya cha Kambo

Siku ya tano ilifika, na Kasonde, mutoto wa miezi miwili, alikuwa hajanya bado. Mama yake, Myriam, alikuwa analia.

"Mama, tumupeleke hospitali!"

"Infirmière aliyemupima mutoto alisema nini? Ananyonya, anacheka, tumbo iko laini: tungoje," Constance, kambo ya mutoto, alimujibu binti yake. Lakini moyoni alikuwa anasali rozari mbio mbio.

Akamupakata mujukuu juu ya kikwembe alichovaa, kitenge chake kipya cha misa, akamukunja miguu polepole. Kasonde akakunja uso, akasukuma. Joto likaenea mapajani mwa Constance.

"Yesu Maria! Myriam, kuja uone!"

"Mama, kikwembe!"

"Achana na kikwembe!"

Akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa.

"Hakuna ndoa! Ni Kasonde amekunya!"