Deraya ya Bwana Tanuri

Wendell Ostrander alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alichora mikono ya watu vizuri kuliko mimi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo. Yeye alisomea uchoraji miaka minne. Mimi niliacha shule darasa la nane nikaenda kubeba magunia bandarini Brooklyn, kisha nikawa mtia wino katika kampuni ya vitabu vya katuni. Mwenzio anachora kwa penseli, wewe unapita juu ya mistari yake kwa brashi, halafu unaifuta penseli kwa raba. Nilifanya hivyo miaka kumi na minne, na jina la kwanza kitabuni halikuwahi kuwa langu.

Mwaka huo mchoraji wa kitabu cha Kapteni Fataki alistaafu. Lasker, mhariri wetu, aliniita huku anatafuna sandwichi.

"Carmine, nimempa Wendell kurasa nane za majaribio. Zikinichosha, kitabu ni chako. Utachora wewe."

"Na nani anazitia wino?"

"Wewe. Unadhani nimtafute mke wangu?"

Nikazipeleka nyumbani Queens, nikazitandaza juu ya meza ya jikoni. Kapteni Fataki alikuwa anapigana na adui yake, Bwana Tanuri, juu ya daraja. Wendell alikuwa amechora deraya ya Tanuri, vazi lake la chuma, mpaka ribiti ya mwisho ya kushikizia mabati, mpaka bawaba za magoti. Mke wangu Rosaria alichungulia.

"Mama yangu! Huyu mtoto anajua."

"Geuza vitunguu vyako," nikamwambia.

Katika kazi yetu, mchoraji akitaka mahali pajazwe weusi, hahangaiki kupaka. Anaweka alama ndogo ya x, mtia wino anaelewa. Kwenye ukurasa wa nne, ule wenye Tanuri mzima, Wendell aliweka x tatu tu. Mimi nikachovya brashi kubwa. Nilizamisha katika weusi kifua, mapaja, ngumi, ribiti zote. Nikaacha macho mawili na ukingo wa bega moja. Kisha nikapitisha raba. Penseli ikishafutwa, hakuna shahidi.

Ijumaa tulisimama wote wawili mbele ya Lasker. Wendell alipouona ukurasa wa nne, masikio yakamwiva. Lasker aliutazama mpaka akasahau kutafuna.

"Huyu nimemwogopa," akasema. "Miaka sita anatembea kama jiko la mama mkwe wangu, leo nimemwogopa. Wendell, nani kakufundisha kuficha hivi?"

Nilimwombea adanganye. Moyoni nilimsihi kabisa.

"Si mimi, bwana. Mimi nilichora ribiti mia mbili. Mzee Carmine kazizima zote."

"Na wewe umemwacha tu?"

"Ndiyo kwanza naona. Nilitaka kumrukia, bwana. Lakini hebu itazame! Yuko sahihi."

Lasker akapiga meza. "Basi, yamekwisha! Penseli Wendell, wino Carmine, kila mwezi."

"Ulisema kitabu changu," nikasema.

"Nilisema zikinichosha. Zimenichosha? Mtu mwenye brashi kama hii nimpe penseli? Nimekuwa kichaa?"

Kurasa za mwezi uliofuata zilifika zikiwa hazina x hata moja. Deraya ya Tanuri ilikuwa tupu, mstari wa nje tu, na pembeni Wendell ameandika: Mzee, hapa ni pako. Rosaria akasema kijana ana moyo mzuri. Anao kweli. Angekuwa mwizi ningemchukia kwa raha zangu.

Nikachukua penseli. Nikachora ribiti zangu mwenyewe, na bawaba za magoti, asubuhi nzima. Nilipomaliza nilisogea nyuma nikaziangalia. Zilikuwa mbaya kuliko zake.

Nikachovya brashi kubwa.