Hapa ni kwa Kokushubila

Mjukuu wangu Nusaiba amepata namba ya simu isiyo ya mtu yeyote. Juzi alikuwa ameketi mkekani sebuleni kwangu, miguu ameikunja, akanionyesha kwenye kioo cha simu yake kana kwamba ameokota dhahabu. Namba ndefu, inaanza na tarakimu za nchi ya mbali ambayo hata yeye hakuweza kuniambia iko upande gani.

"Naiazima tu, Bibi," alisema. "Kule ninakojiunga wanataka namba, wanitumie tarakimu za kuhakiki kwamba mie ni mtu kweli. Sasa mie sitaki kuwapa yangu, watanisumbua. Nawapa hii ya mtandaoni. Tarakimu zikiingia nazisoma hapahapa, kisha namba inakufa."

"Na atakayekutafuta baadaye kwa namba hiyo?"

"Hanipati! Ndiyo raha yake."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Maskini, alidhani yeye ndiye wa kwanza kuazima namba katika nyumba hii. Nikamwonyesha kabati. Juu yake, chini ya kitambaa nilichokifuma mwenyewe, ipo simu ya babu yake, nyeusi, nzito, ya kuzungusha kwa kidole. Waya wake ulikatwa zamani, lakini kuitupa nimeshindwa.

"Mtaa mzima huu wa Sinza uliishi kwa namba ya simu ile," nikamwambia. Akaweka yake chini, nami nikamsimulia.

Mume wangu Mbwana, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa bandarini, na waajiri wake ndio waliomwekea simu ili wamwite meli ikiingia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yameanza kujaa sabuni za kuchagua na khanga za kubagua, kila mtu anataka biashara, na kila biashara inataka namba ya simu. Namba watu walikuwa hawana, basi wakachukua yetu. Mbwana alifunga kufuli dogo kwenye kisahani cha kuzungushia ili asipige mtu, lakini kupokea aliruhusu. Wakaiandika kwenye kadi za harusi, kwenye maombi ya kazi, kwenye milango ya saluni. Mwenye gesti ya kona ya pili akaichora kwenye kibao chake bila hata kutubishia hodi. Mume wangu, mtu wa swala tano, akawa anakatishwa usingizi wa mchana na wanaume wanaoulizia chumba.

"Vimejaa!" alikuwa akifoka. "Vimejaa mpaka Kiyama!"

Simu ikilia, aliye karibu anapokea, anamwomba mpigaji apige tena baada ya kitambo kidogo, kisha anatoka uani kuita. "Baba Tabu, simu yako ya Tanga!" "Mama Romani, simu!" Majina ya watu tulikuwa hatuyajui. Mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa sandukuni, haliguswi tena. Mie mwenyewe nilikuwa Mama Suleiman, basi.

Huyo Mama Romani alikuwa mjane, Mhaya, amepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu, akishona sare za shule. Ndugu alikuwa amebakiwa na mmoja tu, mdogo wake, jina lake Audax, ambaye aligombana na baba yao kule Bukoba angali kijana mdogo, akadandia lori na kupotelea kusini, Zambia au mbele ya Zambia. Baba akafa, mtoto hakurudi. Mama Romani hakutaka kingine duniani ila kuisikia sauti ya yule mtoto. Alikuja kwetu akiwa amejitanda khanga vizuri, akaomba namba kama mtu anayeomba mchumba, na Mbwana akampa.

Alichokifanya na namba ile sijaona mwingine akikifanya. Aliidarizi kwa uzi mwekundu kwenye vipande vya kitambaa, na juu yake jina AUDAX, akawa anakwenda Manzese yanakolala malori kuwagawia madereva waendao kusini, wamwambie dada yake anamtafuta.

"Karatasi italowa njiani," aliniambia. "Uzi utafika."

Na kweli, ulifika. Alasiri moja mie nilikuwa soko la Tandale, Mbwana peke yake nyumbani. Jioni Mama Romani alikuja kunirudishia ungo, akamkuta mume wangu ananisimulia huku anacheka.

"Leo tena yule wa gesti katuletea aibu. Mwanamume yuko mbali huko, simu inakwaruza, ananiulizia mwanamke. Na jina lenyewe sasa! Koku... Kokushu... Nikamwambia, bwana wee, hii ni nyumba ya heshima, hapa hakuna mtu huyo. Nikamkatia."

Ungo ukaanguka sakafuni.

"Kokushubila," akasema Mama Romani. "Baba Suleiman, Kokushubila ni mimi."

Miaka yote ile ametushonea nguo za Idi, tumefuturu naye sinia moja, na mume wangu jina lake halijui. Ilikuwa adabu. Mwanamume wa pwani haulizi jina la mwanamke wa nyumba ya pili. Na Audax angejuaje kusema Mama Romani? Aliondoka kwao Romani hajazaliwa.

Mama Romani hakumgombeza. Bora angemgombeza. Alimuuliza tu, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Nene," akasema Mbwana kwa unyonge. "Sauti ya mtu mzima."

"Alipoondoka ilikuwa bado haijavunjika," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kumpigia hatukuweza, maana namba yake hatukuwa nayo. Mbwana hakugusa chakula. Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe kubeba cherehani ya yule mama, akaiweka sebuleni kwetu, kando ya simu, sebule ambayo hata wanangu walikuwa hawathubutu kuingia na viatu. Na tangu siku hiyo hakusema tena "haloo". Simu ikilia, iwe ya bandarini, ya gesti au ya posa ya mtu, anainyakua na kutangaza kama muadhini: "Hapa ni kwa Kokushubila!"

Looh! Wakubwa wake wakashangaa. Wenzake wakamtania kwamba ameoa wa pili, Mhaya mrefu. Nisiseme uongo, mie nilinuna. Mwanamke gani atapenda nyumba yake itangazwe kwa jina la mwingine? Siku moja nikamwendea pale kwenye cherehani nimefura kama andazi. Akaacha kushona, akanitazama.

"Nawe jina lako nani?"

"Naima."

"Naima," akarudia taratibu. Wallahi, hasira yote iliniisha. Wa mwisho kuniita hivyo alikuwa mama yangu, naye alikuwa kaburini. Tangu hapo Kokushubila hakuniita vingine.

Tatizo lilikuja kutoka kwenye vile vitambaa. Vilitundikwa mbele ya vioo vya malori, kila mpitanjia akavisoma, na mji haukosi matapeli. Wakaanza kupiga akina Audax wa kila aina. Huyu kalazwa, yule kakwama mpakani, na wote wanaomba nauli. Kokushubila aliikimbilia kila simu, na kila alipogundua si yeye, alirudi kwenye cherehani amenyong'onyea. Mwisho akampa Mbwana swali la kuwauliza: nani aliyeivunja redio ya baba?

"Na jibu lake?" Mbwana akauliza.

Akamnong'oneza. Mume wangu akainua nyusi, na hata mie mkewe hakuniambia.

Matapeli walijibu mbiombio. Wengi walisema, "Ni mimi." Mmoja akasema paka. Mbwana akawakatia wote, na kila alipomkatia mtu alimtazama Kokushubila na kutikisa kichwa. Nilianza kuogopa kwamba yule wa kweli alishapiga mara moja, akafukuzwa, na hatapiga tena. Nadhani na Mbwana aliogopa hivyohivyo, maana aliacha kwenda barazani kucheza bao.

Kisha siku moja ya masika, mvua inapiga mabati, simu ikalia.

"Hapa ni kwa Kokushubila!"

Tukasikia mkwaruzo tu. Mbwana akauliza swali lake, akasikiliza, akasikiliza tena. Akageuka, akamnyooshea Kokushubila mkono wa simu.

"Anasema hilo hasemi," akasema. "Anasema aliapa, na hata mkimuua hasemi."

Kokushubila aliinuka na kitambaa kikiwa bado kimeshikwa na sindano, kikararuka. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Audax," akasema. "Sema sasa. Baba amekufa. Ni mimi niliyeivunja, ukapigwa wewe, ukaondoka wewe. Sema, mdogo wangu, nimekuruhusu."

Baada ya hapo walizungumza kwa lugha yao, nasi tukatoka. Mbwana alisimama barazani akijifuta macho kwa upindo wa kanzu na kudai kaingiwa na vumbi, wakati mvua ile ilikuwa haijaacha hata chembe ya vumbi Sinza nzima.

Audax alirudi. Wakapata kiwanja Bunju, dada na mdogo wake, wakahamia huko. Lakini Mbwana aliendelea kuipokea simu vilevile mpaka ilipokatwa, na watu walishazoea. Nyumba hii ninayoishi leo bado wapo wazee wanaoielekeza kwa jina hilo. Namkumbuka mume wangu kwa mambo mengi, ila hilo ndilo linalonifanya nimlilie.

Nusaiba aliichukua tena simu yake. Tarakimu zake zikaingia, akazijaza kule alikotaka, kisha akanionyesha namba aliyoiazima. Imekufa kweli. Hakuifurahia kama mwanzo.

Mara ikalia ya kwangu, hii ndogo ya mkononi. Ilikuwa karibu naye, akaipokea.

"Haloo? Nani? Hapana, umekosea namba." Akakata.

"Alikuwa nani?"

"Simjui, Bibi. Namba ngeni. Bibi mmoja hivi, sauti imemchoka. Anamtaka sijui Naima."

Nilimtazama mtoto wa mtoto wangu, niliyemuogesha kwa mikono hii. Kwake mie ni Bibi. Kwa baba yake ni Mama. Mtaani ni Mama Suleiman.

"Naima ni mimi," nikasema.

Akashika mdomo. "Jamani, Bibi! Nimpigie?"

"Mwache. Huyo ni Kokushubila, ameazima simu ya watu. Atapiga tena." Nikamfumbatisha simu kiganjani. "Ikilia, pokea. La kusema unalijua."

Tukaingoja wote wawili, macho kwenye kile kioo kidogo. Ikalia. Nusaiba alinitazama, akaiweka sikioni.

"Hapa ni kwa Naima," akasema.