Jicho la Kulia la Timazi

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye. Tuliseme hilo mapema, lisije likatafutiwa mtu mwingine wa kulibeba. Fundi mwashi wa miaka ishirini na mitatu kazini, aliyepachikwa jina la Timazi, ule uzi wenye uzito wa kunyooshea ukuta, kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kulalia upande, alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kliniki asiyoijua, shati limekunjwa hadi kifuani, tumbo linanuka spiriti, akimsubiri mtu asiyemjua amfyonze mafuta ya kitambi kisha amdunge nayo kwenye jicho.

Ujinga huo ulikuwa na mwanzo wake. Miezi minane nyuma alikuwa akizima chokaa kwa maji kwenye pipa. Miwani ya kujikinga alikuwa ameivaa, tena mpya, ila aliivaa kwenye paji la uso, maana alikuwa anamtania fundi mpaka rangi na hakutaka ukungu umnyime kuona jinsi mwenzake anavyonuna. Chokaa ikachemka, ikaruka, ikamwingia jicho la kulia. Mpaka rangi, pamoja na kununa kwake, alimshika kisogo akamzamisha uso kwenye ndoo ya maji safi, akamtoa, akamzamisha tena, hata Timazi akadhani analipiziwa kisasi. Hospitalini walisema ndoo ile ndiyo iliyolinusuru jicho lisioze. Lakini baada ya wiki chache kioo cha jicho la kulia kilifunikwa na utando mweupe wenye vimishipa vyekundu. Akabaki anaona mwanga na vivuli, basi.

Maisha ya jicho moja yana vituko vyake. Alimimina chai pembeni ya kikombe, na mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akamwambia, "Meza imeshashiba, sasa kumbuka na kikombe." Walicheka. Kazini hapakuwa na kicheko. Asubuhi moja juu ya jukwaa, mguu wake ulitafuta ubao ukakuta hewa, akajikuta ananing'inia kwenye nguzo kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Msimamizi akamshusha, akampa ufunguo wa stoo. Mtu aliyezoea kuuona mji kutoka juu ya ukuta wake mwenyewe sasa alikuwa analinda mifuko ya saruji. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kurudi juu.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Kaka mkubwa wa mkewe, anayeitwa Kipeperushi kwa sababu mifukoni mwake hapakosekani karatasi ya tangazo la dawa mpya.

"Shemeji, siku hizi kuna seli shina," alisema, akiinyoosha karatasi mezani. "Wanazitoa kwenye mafuta yako mwenyewe ya tumbo, wanazidunga palipoharibika, zinakwenda kutengeneza. Macho, magoti, kisukari, figo, upara."

"Upara na figo, dawa moja?"

"Seli ndiyo inajua pa kwenda. Mimi goti langu wamelidunga, wiki nzima nimepanda ngazi nikipiga mluzi."

"Na wiki ya pili?"

"Wiki ya pili kulikuwa na baridi."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Timazi akachukua karatasi.

Kwa hiyo tumrudie kitandani. Mwenye koti jeupe alikuwa amempa fomu ya kutia sahihi, akafunika maandishi kwa kiganja na kumwachia mstari wa chini tu. Timazi alitia. Kisha yule mtu akachukua bomba la sindano, akaonyesha kwa kidevu mlango uliokuwa ukutani, umeandikwa MAABARA, USIINGIE.

"Mafuta nikishayatoa yanaingia humo, mashine inachambua seli, dakika ishirini zinarudi kwako. Mia kwa mia."

Timazi aliutazama mlango. Fundi mwashi ana tabia moja isiyotibika: akifika kwenye jengo lolote, kabla ya kubisha hodi, analizunguka. Anagonga lipu kwa kidole, anatafuta nyufa, anamsema aliyelijenga. Asubuhi ile alikuwa amelizunguka na hili. Nyuma ya ukuta ule ule wenye mlango aliona tofali tupu, na hatua moja kutoka kwenye tofali, mtaro wa maji machafu.

"Samahani, daktari," alisema. "Huo mlango unaingia wapi?"

"Maabara. Tulia."

"Nyuma ya ukuta huo kuna mtaro. Nimekojoa hapo sasa hivi."

Yule mtu alisema kwamba maabara za kisasa ni nyembamba. Timazi akashuka kitandani, pamba imeng'ang'ania kitovuni, akashika kitasa akavuta. Ndani ya fremu mlikuwa na tofali, saruji imemwagika kwenye viungo, hakuna aliyejisumbua hata kuifuta.

"Shemeji, njoo uione maabara," alimwita Kipeperushi aliyekuwa amemshikia kofia kwenye benchi. Kisha akamgeukia mwenye koti. "Na kwa taarifa yako, hata tofali zenyewe mstari wa tatu umekwenda upande."

Akaondoka na pamba yake tumboni.

Mkewe alipopata habari hakumgombeza, jambo lililomtisha zaidi. Alisema tu, "Kesho tunakwenda kwa wenye macho," na kesho yake wakapanga foleni kwenye hospitali ya macho tangu alfajiri. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kueleza jambo moja mara arobaini kwa siku bila kulichoka. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima taa. Timazi akamuuliza kama seli shina zingeliponya.

"Nani aliwaambia habari za seli shina?"

Timazi alisimulia yote, mpaka pamba. Daktari alicheka masimulizi yalipofika kwenye mtaro, halafu kicheko kikamwisha.

"Nina wagonjwa wawili waliodungwa mafuta ya tumbo ndani ya jicho. Waliingia kule wanaona kidogo. Leo wanashikwa mkono kuvuka barabara. Kitu kikiitwa seli shina hakiwi dawa kwa jina lake. Ila kwa jicho kama lako, seli shina zipo, na kazi yake tunaijua."

Akachora duara kwenye karatasi. Pale nyeupe ya jicho inapokutana na nyeusi, alisema, kuna ukingo, na kwenye ukingo huo zinakaa seli mama, ndizo seli shina za jicho. Kazi yao ni kuzaa ngozi ya kioo cha jicho kila siku, maana kioo hicho kinachakaa kila siku. Chokaa iliwaua mama wale wote wa upande wa kulia. Kwa kuwa hakuna wa kulinda mpaka, ngozi ya weupe imevuka na kuziba dirisha.

"Kwa hiyo mafundi wa upande huu wamekufa," alisema Timazi.

"Wote. Upande wa kushoto wapo hai. Nikikata kipande kidogo sana kwenye ukingo wa kushoto, nikakigawa vipande kama kumi, nikavipanda kulia, wataanza kazi."

"Chukua kikubwa, daktari. Mimi si mchoyo."

"Hapo ndipo watu wanapoharibu. Nikichukua kikubwa nakuachia macho mawili mabovu. Hata hicho kidogo kina hatari, ndogo, lakini ipo. Na upande wa kulia, kati ya wanne kama wewe, watatu wanapona vizuri. Wa nne hapana."

Timazi alitaka kutia sahihi papo hapo. Daktari akaivuta fomu nyuma.

"Hii inakwenda nyumbani. Isome, mbishane, urudi na maswali."

Mke tayari alikuwa na lake. "Daktari, nimesikia seli hizi wanazitoa kwenye vitoto ambavyo havijazaliwa. Kama ni hivyo, mimi siwezi kumtazama akitumia jicho hilo."

"Una haki ya kuuliza, dada. Zipo zinazotolewa kwenye mimba changa kabisa za maabara, na watu wanabishana juu yake kwa sababu za maana. Humu sizitumii. Seli zote ni za mumeo. Kitu pekee cha mtu mwingine ni utando mwembamba wa kuvilaza vile vipande, nao unatoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua kwa upasuaji. Mtoto ameshazaliwa salama, kondo lingetupwa. Tulimwomba mama huyo wiki kadhaa kabla, si akiwa kwenye uchungu, tukapima damu yake, akakubali. Angekataa, tungemshukuru hivyo hivyo."

Nyumbani walibishana kweli. Kipeperushi alikuja bila kualikwa.

"Kule kwangu hawakugusa jicho zima," alisema. "Hawa wanataka kukata lililobaki. Likiharibika, dada yangu ataolewa na fimbo nyeupe ya kipofu."

Usemi ule ulimwingia Timazi. Alifumba jicho la kushoto na kutazama chumba: ukungu, kivuli cha mkewe, kivuli cha cherehani, havitofautiani. Hilo la kushoto ndilo lililomleta nyumbani kila jioni. Alikaa na fomu siku tano. Aliisoma mpaka akaanza kuikosoa. Siku ya sita alimwambia mkewe, "Kule walinificha maneno wakanionyesha mstari. Huyu amenionyesha kila kitu kinachoweza kuanguka. Mimi nikipanda jukwaa, namwamini fundi anayenionyesha ubao mbovu." Akatia sahihi.

Upasuaji ulifanywa akiwa macho, jicho limetiwa ganzi. Alianza kumsimulia daktari kisa cha mpaka rangi, akaambiwa kila akisema kichwa kinacheza, akanyamaza saa nzima, rekodi ambayo mkewe aliomba athibitishiwe kwa maandishi. Vile vipande, kila kimoja kidogo kama punje ya chumvi, vilipangwa duara juu ya utando, vikashikwa kwa gundi maalumu, juu yake ikawekwa lenzi laini ya kuvilinda.

Kisha ikaja kazi ngumu: kutogusa. Jicho liliwasha. Mkono ulipanda wenyewe. Miaka yote Timazi aliwafokea watu waliobandua mbao za zege kabla ya siku zake, na sasa zege lilikuwa yeye. Mkewe alimtia matone kwa kufuata saa, na usiku alimfunga mkono kwa kitambaa cha pindo. La kushoto lilipona kwa siku chache, kana kwamba halikukatwa kitu.

Wiki ya sita alikuwa amekaa karibu na cherehani, kiganja kimefunika jicho la kushoto kama alivyokuwa akijipima kila asubuhi, akipata ukungu ule ule unaopungua kidogo kidogo. Mkewe alikuwa anatunga uzi. Timazi akaona uzi. Haukuwa kivuli cha mkono. Aliuona uzi wenyewe, mwekundu, ukikosa tundu la sindano mara mbili.

"Umekosa," alisema.

Mke aligeuka taratibu. "Unatumia lipi?"

"La kulia. Na tangu lini una mvi hapo juu ya sikio?"

"Tangu uanze kulala kwenye vitanda vya kliniki za watu," alisema, kisha akaweka sindano chini kwa sababu sasa hata yeye hakuiona vizuri. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mwezi wa saba baada ya upasuaji daktari alimruhusu kupanda. Ghorofa ya tatu, upepo mwanana, Timazi alifumba jicho la kushoto, akaining'iniza timazi, akaulenga ukuta wote kwa lile la kulia. Uzi na ukuta vilikwenda sambamba mpaka chini. Mafundi walisimamisha miiko yao ya lipu. Mpaka rangi alikuwa wa kwanza kupiga makofi, akafuatiwa na jukwaa zima, na Timazi akashuka akitembea katikati ya ubao bila kutazama miguu, huku akiwaambia kwamba kwa kuwa sasa anaona kwa macho yote mawili, lipu zao mbovu nazo ataziona mara mbili.

Chini alimkuta mkewe akimsubiri waende wote hospitali, na kando yake Kipeperushi, amejishikiza kwenye rundo la tofali kulipumzisha lile goti lake lililodungwa.

"Hongera, shemeji," alisema Kipeperushi. "Ila tuseme ukweli. Seli shina ni seli shina. Tungekuwa na subira kule kwangu ungepona vile vile. Yule mtu alisema mia kwa mia bila kupepesa. Huyu daktari wenu amewaambia watatu kati ya wanne. Sasa kati ya hao wawili, nani anaiamini kazi yake?"

Timazi alifungua kinywa, lakini mkewe alimtangulia, akikung'uta vumbi kwenye kadi ya hospitali.

"Huyu wetu anatuita kila baada ya miezi mitatu aikague kazi yake, kaka. Wako alikwambia urudi lini alikague goti?"