Swalha Ajieleze Mwenyewe

Jumamosi hiyo Mwatima alikuwa dukani kwake Xiaobei, mtaa mmoja wa Guangzhou, akifunga boksi la magauni ya watoto aliyoyanunua soko la jumla la Shisanhang. Goti moja alikuwa amelikandamiza juu ya boksi ili lisifunguke, na ncha ya utepe wa gundi ameibana kwa meno. Ahmada, wakala wa mizigo wa duka la pili, alisimama mlangoni.

"Laoban, harakisha. Kontena linafungwa leo."

Huku kila mwenye duka huitwa laoban, yaani bosi, hata kama duka lenyewe lina upana wa kitanda.

"Leo mikono haina nguvu," alisema Mwatima. "Mtoto yuko kwenye mahojiano."

"Swalha? Huyo atawahoji yeye."

Mwatima alicheka kidogo, kwa kuwa Ahmada alikusudia wema. Lakini Ahmada hakuwa amelala nyumba moja na yule binti wiki zote hizo. Swalha alikuwa ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambacho wazazi hulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja posa isiyojibiwa. Karo ya kule wasingeiweza hata wakiuza duka na shelfu zake, ila chuo humlipia kila kitu mtoto kinayemchagua. Alama alikuwa nazo. Lililobaki ni kuzungumza na mhitimu wa chuo hicho anayeishi Guangzhou, naye aandike maoni yake. Uzito wa maoni hayo hakuna aliyeujua. Wako waliosema si kitu, wako waliosema ndiyo kila kitu, na katikati ya kauli hizo mbili Swalha aliacha kula. Midomo ilimchubuka. Alifanya mazoezi mbele ya sanamu la nguo pale mlangoni: analiuliza, analijibu, analiomba radhi.

Aliyemfundisha kujibu ni Theophil, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Moshi, ambaye pia alikuwa amemfundisha hesabu tangu akiwa mdogo, bila kudai chochote zaidi ya sahani ya pilau siku za Ijumaa.

"Usiseme sisi," alimwonya. "Sema mimi."

"Mimi peke yangu?"

"Wanapokea mtu, Swalha. Hawapokei ukoo."

Ilikuwa kazi ngumu. Swalha alilelewa kipwani, na kwao mtoto akiulizwa yeye ni nani hutaja ni mtoto wa nani, na mjukuu wa nani, na nani aliyemshika mkono, hadi muulizaji afike kwa mtu anayemjua na kusema, kumbe wewe ni wetu. Anayejitaja mwenyewe tu watu humwonea huruma.

Wazazi walikatazwa kufika kwenye mahojiano, na Mwatima hakufika. Alikuwa akiukata utepe kwa meno pale dukani alipojikuta ameketi kwenye kiti cha mahameli, katika hoteli moja kando ya mto, goti bado limekunjwa. Mbele yake alikuwa binti yake, amevaa shati jeupe.

Theophil alikuwa amekwisha kufika, na koti lake la maabara. Pembeni yake alikuwa mama mwenye nyumba wanayopanga, ambaye jengo zima humwita Ayi, yaani shangazi, na beseni la mboga alizokuwa akiziosha analo mapajani. Kiti cha mwisho alikikalia Bi Sihaba, mama yake Mwatima, aliyefariki Unguja mwaka ule Swalha alipong'oka jino la kwanza. Alikuwa na unga hadi kwenye vifundo vya mikono, kwa kuwa huko alikokuwa alikuwa akikanda.

Mwatima akaelewa. Binti yake alikuwa ameombwa ajieleze, naye alikuwa amejieleza kwa ukweli.

"Samahani, baba," alimwambia mhojaji. "Mimi sikuja. Nimetajwa."

"Naelewa, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mhojaji aliitwa Respicius, mtu wa Bukoba, mwenye suti nzuri na sauti ya upole. Alisimama akawaamkia wote mmoja mmoja, ingawa muda ulikuwa unakwenda. Alipoona mikono ya Bi Sihaba, alimwita mhudumu alete kitambaa chenye maji ya moto. Mhudumu alikileta, akaongeza na chai, akaomba tu beseni lisiwekwe kwenye zulia.

Bi Sihaba alijifuta taratibu, kidole kwa kidole.

"Na wewe," alimuuliza Respicius, "ni wa nani?"

"Wa Bukoba, bibi."

"Sikuuliza wa wapi. Nimeuliza wa nani."

Respicius aliitazama nafasi iliyokuwa wazi kila upande wa kiti chake. Akarekebisha miwani.

"Tuendelee," alisema.

Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza. Bi Sihaba, ambaye Kiingereza hakukijua alipokuwa hai, aliyafuata bila taabu, kwa maana kaburini lugha hazina mipaka. Respicius alieleza kwamba amefurahi kuwaona wageni, na kwamba kwa upande wake wangeweza kukaa hadi magharibi. Lakini anachotakiwa kuandika ni habari za mwombaji. Haya aliyoyasikia ni habari za watu watano.

"Nitakuuliza tena, Swalha. Safari hii ujieleze mwenyewe. Bila haraka."

Swalha alimtazama mama yake. Mwatima aliona ule mchubuko wa midomo umefunguka tena.

"Sema, mwanangu," alisema Mwatima kwa Kiswahili. "Mimi nina maboksi yananingoja."

Swalha alivuta pumzi. "Hesabu nilijifunza mwenyewe," alisema.

Theophil aliinuka. Alimpa Respicius mkono, akamwinamia Swalha. "Vizuri. Hukusita," alimwambia, na uso wake ulikuwa wa mwalimu aliyefurahi kweli. Kikombe chake kilikuwa bado kinatoa mvuke, na yeye hayupo.

"Kichina nilikiokota mwenyewe mitaani."

Ayi alikuwa amemfundisha Kichina jikoni kwake, jina la mboga moja baada ya jingine, siku ambazo Mwatima alichelewa sokoni. Alikumbatia beseni lake, akamgusa Swalha shavuni kwa mkono ulioloa, akaondoka vivyo hivyo.

Mwatima alijua zamu inayofuata ni yake. Alitaka kumsaidia binti yake, akatikisa kichwa kumwashiria kwamba ndiyo, sema.

"Nilijitegemea mapema," alisema Swalha. "Hakukuwa na mtu wa..."

Sentensi hiyo Mwatima hakuisikia hadi mwisho. Alikuwa Xiaobei, goti juu ya boksi, na Ahmada bado amesimama mlangoni.

"Laoban, ulikuwa wapi?"

"Kwa mtoto."

"Anaendeleaje?"

"Anajieleza," alisema Mwatima, akaendelea kuvuta utepe. Ahmada alimwangalia usoni, halafu akalibeba boksi lile yeye mwenyewe hadi kwenye mkokoteni.

Swalha alirudi kwa treni ya chini ya ardhi kabla ya alasiri kwisha. Hakuwa peke yake. Bi Sihaba alikuwa amemshika mkono, akizitazama simu na mawigi yaliyopangwa njia nzima.

"Nilishindwa, mama," alisema Swalha.

"Ulishindwa nini?"

"Kusema nimekua bila bibi. Nyinyi mlikuwa na pa kurudi. Nikafikiria, huyu nikimwondoa pale, anakwenda wapi?"

"Respicius alisemaje?"

"Alinisubiri. Alisubiri sana. Halafu akasema muda umekwisha, akatuita teksi, bibi akakataa."

Mwatima alimtazama mama yake, aliyekuwa ameanza kukunja nguo zilizokunjwa vibaya.

"Bibi amekula?" alimuuliza Swalha.

Jibu la chuo lilifika Machi. Walimshukuru Swalha, wakamtakia heri. Aliyepata ni kijana aliyehojiwa kabla yake siku ile, kijana mwema, mwenye heshima. Kwenye mahojiano yake hakikuongezwa kiti hata kimoja.

Bi Sihaba alibaki. Mtaani walimzoea. Ayi alimletea mboga, Theophil alimletea kandambili za manyoya kwa ajili ya baridi, na hakuna aliyemwomba pasipoti. Swalha aliandika maombi mapya, kwa chuo kingine cha aina ileile, nacho pia kina wahitimu wanaohoji. Akaacha kula tena.

Basi alfajiri moja Mwatima aliamka akakuta taa ya jikoni inawaka. Binti yake na mama yake walikuwa wameketi wakitazamana, magoti yakigusana.

"Usinionee huruma," alikuwa akisema Bi Sihaba. "Mimi kufa nimekwisha kuzoea. Sema."

"Nilikua bila bibi," alisema Swalha, machozi yakimtiririka.

Bi Sihaba aliinua mkono wake kwenye taa. Ncha za vidole zilikuwa zimetoweka, lakini kiganja kilikuwa bado kipo.

"Afadhali ya jana," alisema. "Ila unaangalia chini. Ukisema, mtazame mtu machoni. Haya, tena."

Mwatima alibandika maji ya chai, vikombe vitatu.