Waliolala Kwenye Kona

Msoma mita alikuwa na nyumba mia moja na arobaini za kupitia kila wiki, na katika kila nyumba alipaswa kuinama mara mbili: kwanza kufunua kifuniko cha chuma, kisha kufuta kioo cha mita ya maji kwa kitambaa na kusoma tarakimu. Mwaka wa kumi na tisa mgongo ukakataa. Siku hiyo alikuwa ameinama uani kwa mwalimu mstaafu. Tarakimu nne za kwanza alizisoma mwenyewe. Ya tano ilibidi asomewe na mwalimu, kwa sababu yeye hakuweza tena kwenda chini wala kurudi juu.

Daktari alimkataza baiskeli yake ya kazini. Kazi hakumkataza, kwa kuwa hakuulizwa, na msoma mita hakuuliza, maana asiyeuliza hakatazwi.

Mume wa mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea, watu wakimwita Cheche. Alisikiliza habari ya mgongo mpaka mwisho, akaenda nyuma ya karakana yake, akarudi na mizoga miwili ya baiskeli na kiti cha plastiki. Kiti alikikata miguu. Minyororo mitatu aliiunganisha ikawa mmoja mrefu, na pedali akazipeleka mbele kabisa, mbele hata ya gurudumu. Siku ya nne alimwita shemeji yake aje alale.

"Nilale wapi?" aliuliza msoma mita.

"Hapo kwenye kiti. Chali, miguu mbele. Ukianguka, shemeji, huna safari ndefu."

Alianguka mara sita siku ya kwanza, mara mbili ya pili. Ya tatu aligundua kwamba siri ilikuwa kulegeza mabega na kuacha kuung'ang'ania usukani kama mtu anayenyang'anywa. Mlimani baiskeli ile ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga, kwa sababu aliyelala hawezi kusimama juu ya pedali. Mteremkoni haikukamatika. Mbwa waliokuwa wakimbwekea miguu sasa walimbwekea usoni. Cheche alifunga mti mrefu nyuma ya kiti na kutundika kitambaa chekundu ili madereva wamwone, na wauza duka wa mtaa ule wakapata la kusema: "Mgonjwa kajipakia mwenyewe, anajipeleka hospitali." Msoma mita aliwapungia mkono. Kwa kulala vile aliyaona mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa miaka kumi na tisa, viota vya nyigu chini ya mapaa na nguo za ndani zilizoanikwa juu ya ghorofa. Siku ya tisa mgongo ulinyamaza.

Siku ya kumi ilikuwa zamu ya kata ya juu, ambayo njia yake ni moja tu, inayopita kwenye kona ya machimbo ya mawe. Msoma mita alifika pale saa moja asubuhi. Barabarani, upande wa kushoto, kulikuwa na watu kumi na mmoja wamelala juu ya lami. Walilala chali, kama yeye, mikono imenyooka ubavuni, wamepangana vizuri kwa mshazari, kutoka mtaroni kuelekea katikati. Aliwapigia kengele. Wakakunja miguu apite.

"Habari za asubuhi," alisema wa kwanza, mwanamume mwenye sare ya ulinzi.

"Nzuri," alisema msoma mita, akapita.

Mbele kidogo alikumbuka sura ile. Alikanyaga breki, akageuza shingo. Barabara ilikuwa tupu, na doa la mafuta pale alipokuwa mlinzi. Alipoanza tena kukanyaga pedali, wakarudi. Akaelewa kwamba ni sharti mtu awe amelala na awe anakwenda. Basi akageuza, akawa anazunguka kwenye kona, akipata maneno mawili matatu kila anapopita.

"Wewe uliniandika nimehama," alisema mlinzi.

Ni kweli alikuwa amemwandika. Mlinzi alipanga chumba kimoja, peke yake, na mita yake ilisimama. Fomu ya ofisi ina nafasi tatu tu: yupo, mbovu, amehama.

"Mita ilikuwa imesimama," alisema aliporudi.

"Ilisimama, sikatai," alisema mlinzi.

Wa nne alikuwa mke wa kinyozi wa mtaani kwao. Alivaa gauni la safari, na begi la kahawia alikuwa amelilaza kifuani. Hakuonekana mgonjwa.

"Dada wa maji," alisema. "Mwambie mume wangu sikumkimbia."

Msoma mita alizunguka.

"Nilikuwa nawahi gari la kwanza, nikamwone mama. Lori lilitoka machimboni bila taa."

Alizunguka tena.

"Watu wa machimbo walikuja na gari dogo na mchanga. Mwili waliuchukua wakaufukia kwenye shimo lao la zamani. Mimi nikabaki hapa nilipoangukia. Wote hapa ni hivyo."

Msoma mita aliwaahidi kwamba atafikisha. Kisha alikwenda kata ya juu akasoma mita ishirini na nane, kwa sababu zilikuwa zinamsubiri.

Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja ndevu msoma mita alipoingia. Watu wote wa mtaa ule walizijua habari za mke wake, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyezisimulia, kiti kwa kiti, kwa mwaka mmoja na miezi minane. Siku moja waligombana juu ya shati lililoungua pasi, na asubuhi akaamka akakuta begi halipo. Mwanzoni alisema mke wake ameondoka. Baadaye akasema ameondoka na mwanamume. Kadiri miezi ilivyopita mwanamume huyo alirefuka, akapata kazi nzuri, na mwisho akapata gari.

Msoma mita alimweleza alichokiona. Kinyozi alisikiliza bila kuinua wembe. Alimaliza shavu la pili, kwa sababu mtu haachwi nusu, akampaka mteja dawa, akamsindikiza mlangoni, akafunga duka.

"Nipeleke, dada," alisema.

Pale konani alichuchumaa kwanza, asione kitu. Akalala kifudifudi kwenye lami, asione kitu. Ilibidi afundishwe baiskeli pale pale, na alianguka mara mbili kabla ya kuipata. Mara ya kwanza alipopita alilitazama begi. Mara ya pili alisema, "Niliwaambia watu una mwanamume."

"Nimesikia," alisema mke wake. "Watu hupita hapa wakizungumza."

Alizunguka.

"Gari lake ni la rangi gani?" mke wake aliuliza.

"Jeupe," alisema kinyozi.

Alizunguka mpaka miguu ikamwishia nguvu, kisha akakaa ukingoni mwa mtaro na msoma mita akakaa karibu naye. Malori mawili yalipita yakiwa yamejaa kokoto. Kinyozi aliyatazama magurudumu. Alisema kwamba mama mkwe wake alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa kumuuliza kwa nini amemzuia binti yake asije kumwona, naye alikuwa akimjibu kwamba amuulize binti yake mwenyewe.

Siku iliyofuata walikwenda ofisi ya barabara. Afisa aliwasikiliza akiwa amekunja mikono juu ya meza. Aliwauliza watu hao wamelala upande gani wa barabara na kama wanazuia maji kuingia mtaroni. Kisha alichukua kofia yake akafuatana nao. Konani alivua koti, akaitupa tai begani, akalala kwenye kiti, na kwa mtu wa ofisini alijitahidi, kwani hakuanguka hata mara moja. Alipita mara tatu akihesabu kwa kidole.

"Kumi na mmoja," alisema. "Ni sahihi."

"Wamekusalimu?" aliuliza kinyozi.

"Wamenisalimu. Mmoja alisoma na kaka yangu."

Aliandika ripoti yake palepale, ameegemea nguzo ya umeme. Iliandikwa kwamba amefika kwenye eneo, amewaona wahusika, magari yanaweza kupita juu yao bila kutikisika, na kwa hiyo barabara inapitika. Kinyozi alimwomba shimo la zamani lifukuliwe. Afisa alisema, kwa sauti ya upole, kwamba shimo liko ndani ya uzio, na anayetoa ruhusa ya kuingia ndani ya uzio ni meneja wa machimbo. Wakamwandikia meneja. Alijibu kwa adabu, kwa barua yenye muhuri, kwamba malori yake yote sita yana breki na kwamba hakuna kitu chochote cha machimbo kilichopotea.

Msoma mita naye alikwenda kwenye ofisi ya maji akaomba kurekebisha majina matatu ya waliolala konani aliyoyaandika kuwa wamehama. Msimamizi alimuuliza aandike nini badala ya amehama. Alisema aandike yupo barabarani. Msimamizi alitazama fomu juu mpaka chini, akamgeuzia aione mwenyewe. Nafasi hiyo haikuwapo.

Habari zilienea bila kutangazwa. Mtu mmoja alifika kwa Cheche akasema kaka yake aliondoka kwenda kutafuta kibarua miaka mitano iliyopita, naye angependa kupita konani. Mwingine alisema ni baba yake. Cheche alizimaliza baiskeli zote mbovu za mtaa, akaanza kukata vitanda vya chuma. Kufikia mwisho wa mwezi zilikuwa baiskeli saba za kulalia, kila moja na kitambaa chake chekundu, na asubuhi zilizunguka konani polepole, moja nyuma ya nyingine, kama punda wa kinu. Walizungumza mambo ya kawaida. Nani ameoa, nani amehitimu, mlango wa nyuma umebadilishwa. Lori lilipotokea, waendeshaji walijisogeza ukingoni wakasubiri, na waliolala walifumba macho kwa sababu ya vumbi.

Mama mkwe wa kinyozi alikuja kwa gari la mchana. Alikuwa na miaka themanini na magoti hayakunji. Kinyozi alimbeba akamlaza kwenye kiti, Cheche akashika usukani, wakamsukuma taratibu, miguu ya bibi imening'inia juu ya pedali zinazozunguka zenyewe. Alipofika kwa wa nne, wale wanaume wawili walipunguza mwendo kadiri walivyoweza bila kusimama.

"Nilikusubiri," alisema bibi. "Nilipika siku mbili."

"Najua, mama," alisema binti yake.

Wakawa wamempita. Bibi aliomba asukumwe tena. Walimsukuma mpaka jua likageuka, na alipoteremshwa alimwambia mkwe wake kwamba yale aliyomtukana kwenye simu ameyafuta. Kinyozi alisema na yeye ya kwake ameyafuta. Bibi alipanda gari la jioni, akaketi dirishani, na begi lake akalikumbatia kifuani.

Meneja wa machimbo alipata nakala ya ripoti ya afisa, iliyosema barabara inapitika. Kwa msingi huo aliongeza malori yakawa kumi na manne, marefu kuliko ya kwanza, na zamu ya kwanza akaitanguliza kwa saa nzima. Afisa wa barabara alipita kukagua, akapima upana wa lami kwa utepe, akaona unatosha.

Wiki ile msoma mita aligundua kwamba waliolala wamesogea. Mlinzi alikuwa amefika ukingoni kabisa, bega moja liko kwenye majani ya mtaro. Mke wa kinyozi alikuwa amebanana na jirani yake mpaka begi limesimama. Kati ya wa tano na wa sita palikuwa na lami wazi.

"Mnasogea," alisema.

Aligeuza, akarudi kuchukua jibu.

"Tumeambiwa tusogee," alisema mke wa kinyozi.

"Nafasi ya nani?"

Alizunguka tena, na safari hii ilimchukua muda, kwa kuwa lori lilikuwa linakuja na ilibidi asubiri lipite.

"Hatuambiwi," alisema mke wa kinyozi. "Tunaambiwa tusogee tu."

Jioni waendeshaji wote walikutana karakanani. Cheche, ambaye alikwenda kujionea na alikuwa na jicho la vipimo, alisema nafasi ile inatosha watu wanne, na wakibanana, watano. Hakuna aliyebishana naye. Mmoja alisema labda waache kwenda kwa muda. Kinyozi alisema alikuwa amemuuliza mke wake jambo hilo hilo, naye akamjibu kwamba haoni tofauti, kwa sababu pale hupita hata wanaokwenda kwa miguu, na wanafunzi, na wanaowahi gari la kwanza. Basi wakazungumzia vitambaa. Vitambaa vipya vikakatwa, vikubwa zaidi, na miti ikaongezwa urefu wa mkono mmoja. Madereva wapya walipewa barua ya kuombwa wapunguze mwendo. Waliipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kata ya juu. Msoma mita alifika konani saa moja asubuhi, kalamu mfukoni, kitambaa cha kufutia vioo kimefungwa kwenye usukani. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Aliwapigia kengele, wakakunja miguu. Aliwaamkia, wakamwitikia mmoja mmoja, mpaka wa tano, kisha kimya kwa urefu wa ile nafasi, kisha wa sita. Aliitazama alipokuwa anapita. Ilikuwa imefagiliwa.

Alikanyaga pedali kuukabili mlima, polepole, kwa kuwa baiskeli ile haina namna nyingine. Nyuma yake, ndani ya ukungu, lori la kwanza lilikuwa linatoka getini na kubadilisha gia.