Mfupa Umeunga

Daktari wa mifupa aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaridhika. "Umeunga vizuri sana, mama. Miaka mitano, hata palipovunjika hapaonekani."

"Hayo ya mfupa, dakta. Mimi nimeleta mkono."

Akauinua wa kulia. Ulipofika usawa wa bega ukagoma kama punda. Akajaribu kuuibia kwa kuinamisha kiwiliwili. Daktari akamshika, akamnyoosha. Mkono ukashuka.

Alikuwa fundi rangi. Mtaani walimwita Mama Dari, maana alipaka dari nzima bila tone kugusa sakafu. Tangu aanguke kwenye ngazi na kuvunjika mkono karibu na bega, mkandarasi alimpa milango tu. Sasa kulikuwa na shule nzima ya kupakwa dari, na mkandarasi alikuwa amesema: "Leta neno la daktari, kazi ni yako."

"Kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni ulikivua lini?" daktari aliuliza.

Mumewe, aliyekaa kando yake, alijibu, kifua mbele. "Baada ya miezi minne, dakta! Hata kijiko hakushika. Nilimlisha, nikamchana nywele. Nilimtunza kama yai."

"Nilikwambia wiki mbili, kisha mazoezi kila siku."

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Alikwambia wewe?"

"Ulikuwa umelewa dawa. Halafu nilipojaribu kuusogeza mara ya kwanza, ulilia. Roho iliniuma, mke wangu."

"Yako iliuma siku moja."

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Hata kuku wa kufungwa mguu anapendwa!" Akamgeukia daktari. "Mkono utarudi kama zamani?"

Daktari hakumung'unya maneno. Mazoezi yangepunguza maumivu. Kuuinua kupita kichwa, asitegemee. Neno la kumpelekea mkandarasi likawa hilo.

Nyumbani, dari ya sebule ilikuwa nusu nyeupe, nusu kuukuu. Hapo ndipo alipoangukia. Miaka yote mumewe alikuwa akisema, "Utaimalizia ukipona." Mke akaburuta ngazi kwa mkono wa kushoto, akafungua kopo, akamkabidhi rola.

"Panda."

"Mama watoto, kazi hii mimi siijui."

"Na udaktari je, uliujua? Panda!"

Akapanda. Rangi ikamtiririka hadi kiwikoni, tone likaanguka sakafuni, kisha jingine. Mke alisimama chini, uso juu, mkono wa kulia ukining'inia.

"Futa," alisema. "Anza upya."