Futi, Fita na Fiti

Saa nne na nusu asubuhi Bi Futi alikuwa anashona zipu ya suruali ya mteja msumbufu, mwanamume ambaye kila wiki hunenepa na kila wiki humlaumu fundi, simu ilipolia. Namba ngeni. Akaipokea kwa bega, akasikia mtu anamwaga Kiingereza cha puani, akasema "Rongi namba" na kukata. Ilipolia tena hakuishughulikia. Zipu ilikuwa imefika kwenye kona, na kwenye kona fundi hasemi na mtu.

Mara ya tatu haikulia. Ilitetemeka tu mezani, katikati ya chaki na pini. Ujumbe.

Si kwamba Bi Futi hakujua Kiingereza kabisa. Alijua cha mezani pake: zipu, kola, saizi, taiti, luzi, na lile neno lililomlisha miaka thelathini, fit. Kila siku mtu husimama mbele ya kioo chake, hujigeuza, huvuta tumbo ndani na kuuliza, "Imenifiti?" Naye hujibu, "Imekufiti, mpenzi," hata kama vifungo vinalia. Jina lenyewe alipewa na wateja kwa sababu ya futi ya kupimia ambayo haikutoka shingoni mwake, hata akienda msibani.

Basi katika ujumbe ule mrefu neno lake aliliona upesi, limesimama katikati ya wageni.

"Kaka, hebu njoo unisomee," alisema. "Naona kuna fit humu."

Kaka yake alikuwa kwenye stuli ya mlangoni, mahali anapokaa kila asubuhi tangu astaafu, akinywa chai ambayo hakuipika. Watu walimwita Fita, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa fita wa mabomba, na kwa sababu ya vitabu vya maelekezo ya pampu alijiona msomi wa Kiingereza. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kitambaa cha mteja, akaivaa tena.

"Dear Madam. Hapo ni wewe."

"Mimi nimekuwa Madam tangu lini?"

"Tangu leo. Nyamaza nisome. Huyu ni nesi wa zahanati ya kiwandani kwa Kitinda. Anasema binti yako, asubuhi hii, kazini, alipata fit. Sasa anapumzika. Anauliza, amewahi kupata fit huko nyuma?"

Kitinda ndiye kitinda mimba wa Bi Futi, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Aliendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala la kiwanda cha vigae, mji mwingine, mwanamke pekee kati ya madereva tisa. Mama yake alikuwa hawezi kumaliza kipimo cha mteja bila kumtajia hiyo foklifti.

"Alipata fit," Bi Futi alirudia. "Fit unaipataje?"

"Kwetu sisi, kufiti ni kufunga kitu mahali pake. Unafiti bomba, unafiti koki." Fita akakuna kidevu. "Ila mtu sijui anafitiwa nini."

"Anafitiwa nguo, kaka! Wewe ulidhani koki?" Na hapo Bi Futi akacheka, maana mambo yote yalikaa sawa. Miezi miwili sasa Kitinda alikuwa akilalamika kuwa ovaroli walizopewa zimekatwa kwa ajili ya wanaume, miguu inaburuta, kiuno kinaelea. Kumbe wamesikia. Wamempima. "Lakini mbona anapumzika? Kupimwa nako kunachosha?"

"Watoto wa siku hizi," alisema Fita, akarudia chai yake.

Lile swali la mwisho lilimgusa Bi Futi pabaya kidogo. Amewahi kupata fit huko nyuma! Yaani wanadhani binti wa fundi kakulia katika nguo za kuokota? Akaweka suruali pembeni, akakaa vizuri, na kwa msaada wa Fita akajibu kwa Kiingereza walichokuwa nacho: ndiyo, fit nyingi sana, tangu mtoto mchanga, kila mwaka, na zote nampa mimi mama yake. Mwishoni akaongeza asante, na Mungu akubariki.

Jibu lilikuja kabla uzi haujaingia sindanoni. Fita alisoma, akakunja uso.

"Anauliza, moja huwa inadumu kwa muda gani?"

"Sasa huyo ndiye anayejua kazi," alisema Bi Futi. "Mwambie miaka miwili."

Fita akaandika miaka miwili. Safari hii jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa na alama tatu za kuuliza, na Bi Futi akayaona maneno mawili yaliyomtia wasiwasi. Moja lilikuwa lose. Alilijua, ni luzi, ila mgeni huyu alikuwa amebana o moja. La pili lilikuwa head.

"Head ni kichwa," alisema. "Ovaroli na kichwa wapi na wapi?"

"Kofia," alisema Fita. "Kule wanavaa zile kofia ngumu. Anauliza kama ilikuwa luzi kichwani."

"Mimi nitajuaje kofia yao?"

"Ndiyo hapo na mimi nashindwa."

Bi Futi akampigia Kitinda. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita tena, na kila mlio ulivyokwenda bure ndivyo ile furaha ya ovaroli ilivyozidi kumtoka. Kwa nini nesi? Hilo ndilo lililomwingia sasa, tena kwa kuchelewa, mpaka alijionea haya. Nguo anapima fundi. Nesi anahusika nini na kiuno cha ovaroli?

"Kaka, una hakika ni nesi?"

"Nesi ni nesi, haina maana mbili."

Simu ikalia mkononi mwake. Ilikuwa ile namba ya asubuhi, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke anayesema Kiswahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi karani wa zahanati ya kiwandani. Nesi wetu ni mgeni, Kiswahili bado. Ameniomba nikupigie, anaona kama hamwelewani."

"Tunaelewana vizuri tu. Nimemjibu yote."

"Ndiyo hayo majibu, mama." Yule karani alikohoa. "Umesema binti yako fit zilimwanza akiwa mchanga, zinamjia kila mwaka, moja inakaa miaka miwili, na anayempa ni wewe."

"Sasa kibaya kipi hapo? Na akiifua taratibu inakaa hata mitatu."



"Mama, si nguo," alisema karani, polepole. "Binti yako ameanguka. Alikuwa anapanda foklifti, hajaiwasha, akaanguka chini. Akakakamaa, mikono na miguu ikawa inajirusha, na povu mdomoni. Kama dakika tatu. Hiyo ndiyo wao wanaita fit. Hajaumia sana. Yupo hapa kitandani, anakusikia, nimeweka spika."

Bi Futi alikaa juu ya suruali ya mteja na pini zake. Hakuzisikia.

"Lakini fit si uzima?" aliuliza. "Mtu akiwa mzima si ndiyo tunasema yuko fiti?"

"Ndiyo, mama. Na huo pia ni fit."

"Neno lile lile?"

"Lile lile."

"Watu gani hawa," alisema Bi Futi kwa hasira, maana hasira ilikuwa rahisi kuliko kile kilichokuwa nyuma yake, "watu gani hawa wanashona nguo moja, wanamvalisha mzima, wanamvalisha na mgonjwa?"

Karani alikuwa na fomu. Akaeleza kwamba nesi na daktari wanataka mambo mawili. La kwanza, kama binti amewahi kupata fit siku za nyuma. La pili, kama yuko fit kwa kazi. Majibu ya mwanzo wameyafuta, kwa hiyo wanauliza upya. Ikiwa hajawahi, watamwangalia siku chache, watampima, halafu huenda akarudi kwenye mashine yake. Ikiwa amewahi, dawa anaanza leo, lakini foklifti ndiyo basi.

"Kwa hiyo nakuuliza kwa Kiswahili, mama. Amewahi kuanguka namna hii?"

Kabla Bi Futi hajafungua mdomo, sauti nyingine ilidakia kutoka mbali, nzito ya usingizi.

"Mama, waambie hapana. Mimi sijawahi kuanguka. Mama, waambie, wataninyang'anya mashine."

Fita alikuwa amesimama. Alivua miwani akaishika mkononi, akamtazama dada yake usoni, kisha akatazama sakafu, pale karibu na pedali ya cherehani.  

Ilikuwa pale pale. Kitinda akiwa na miaka saba, ameketi chini anaokota vifungo, akaanguka ubavu, macho yakageuka. Bi Futi aliwaambia majirani ni degedege, homa imempanda. Homa yenyewe haikuwapo, paji la uso lilikuwa baridi kama maji. Mara ya pili alikuwa na miaka kumi na miwili, na Fita ndiye aliyemshika miguu. Baada ya hapo wawili hawa wakafunga mlango, wakakubaliana kwa maneno machache kuwa jambo hilo halitatoka humu ndani. Kifafa! Nani angekaa naye dawati moja? Nani angekuja kumposa? Bi Futi aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, na kwa kuwa halikutokea tena aliacha kuhesabu, akajisahaulisha, mpaka siku mtoto aliponunua keki kusherehekea leseni ya foklifti mama yake aliila keki ile na kuomba kuongezewa.

Na siku zile zote mbili mtoto alipozinduka aliuliza swali moja. Mama, nimefanyaje? Naye alimfuta mdomo kwa kipande cha kitambaa na kumjibu, hamna kitu mwanangu, umesinzia tu, uko fiti.

"Mama, bado uko hewani?" aliuliza karani.

"Nipo."

"Amewahi?"

Angesema hapana, angesema kama alivyowaambia watu wote kwenye kioo kile, imekufiti, imekufiti. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akaiona foklifti. Hajawahi kuiona ila kwenye picha, njano, Kitinda juu, kidole gumba hewani, na nyuma yake vigae vimepangwa hadi darini.

"Amewahi," alisema. "Mara mbili. Akiwa na miaka saba, na akiwa na kumi na miwili. Baada ya hapo sikuona tena."

Kalamu ilisikika ikiandika. Halafu sauti ya Kitinda, sasa haina usingizi hata kidogo.

"Mama. Ulikuwa unajua?"

"Mwanangu..."

"Nimebeba mizigo ya tani mbili juu ya vichwa vya watu mwaka mzima na nusu. Na ulikuwa unajua?"

Simu ilikatika. Bi Futi aliendelea kuishika sikioni kwa muda, kama mtu anayesubiri chenji.

Saa sita kasoro ulikuja ujumbe wa nesi. Fita aliusoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuthubutu. Anashukuru, alisema. Anasema dawa imeanza. Anasema akiifuata vizuri atakuwa fit.

"Fit ipi?"

"Haijaandikwa."

"Kaka, niambie ni ipi."

"Dada, kama ningejua si ningekwambia tangu asubuhi?" Na mzee huyo, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu enzi za mabomba ya chuma, akakaa kwenye stuli yake na kufunika uso kwa viganja.

Yule mteja alikuja kufuata suruali. Bi Futi alimkabidhi bila kusema, akaivaa nyuma ya pazia, akasimama mbele ya kioo, akajigeuza, akavuta tumbo.

"Imenifiti?"

"Hapana," alisema Bi Futi. "Imekubana. Umenenepa. Ilete wiki ijayo niipanue kiunoni."

Simu ikatetemeka tena, ujumbe kwa Kiswahili, kutoka kwa Kitinda mwenyewe. Maneno mawili tu, yale yale aliyokuwa akimtumia mama yake kila jioni tangu aondoke nyumbani.

Niko fiti.

Bi Futi aliyasoma kwa muda mrefu kuliko alivyousoma ule ujumbe mzima wa Kiingereza, na hakuyaelewa. Kama ni hasira, kama ni msamaha, kama ni mtoto anayerudisha tu alichofundishwa akiwa sakafuni, hakuna wa kumtafsiria. Akamsogezea Fita simu, kisha akairudisha kabla hajaisoma. Akaandika herufi moja moja, bila kuomba msaada wa mtu.

Hapana mwanangu. Hauko fiti, na mimi nilijua. Nakuja.

Akachukua mkoba, akamwachia kaka yake ufunguo na mteja wake. Futi aliiacha mezani.